Mgongo Unalipa Deni la Nyonga

Leo nazungumza na watu wanaopiga makasia. Wapo wa klabu, wenye mashua nyembamba za mashindano. Wapo wa gym, wanaovuta mashine wakiwa palepale ukumbini. Na wapo ndugu zetu wa ziwani na pwani ambao kasia na kafi kwao ni riziki. Nataka tuzungumzie kunyoosha viungo, jambo ambalo wengi hulipa dakika mbili tu: mtu anainama, anagusa vidole vya miguu mara tatu, anashika kasia. Mazoea hayo yanawagharimu watu migongo yao, na nitaeleza kwa nini nasema hivyo.

Tuanze na hesabu. Mtu anayefanya mazoezi ya kujenga pumzi hupiga kasia mara kama 20 kwa dakika. Akikaa kwenye mashua au kwenye mashine kwa saa moja, amepiga mara 1,200. Kila mpigo una kuinama mbele na kurudi nyuma, na ile nusu ya kurudi nyuma inabeba mzigo. Akifanya hivyo siku 5 kwa wiki, mwili wake umekunjwa na kukunjuliwa mara 6,000. Sasa jiulize: mkunjo huo unatokea wapi? Ukitokea kwenye nyonga, mwili unaweza kuuvumilia miaka na miaka, maana nyonga imeumbwa kwa kazi hiyo. Ukitokea kiunoni, kwenye pingili za chini za uti wa mgongo, hapo unajitafutia maradhi. Na ndivyo ilivyo: mbavu, vigasha na magoti ya wapiga makasia huumia, lakini mgongo wa chini ndio unaoongoza kwa malalamiko, na waganga wa michezo wamelisema hilo kwa miaka mingi.

Zamani mchezo wenyewe haukudai mkunjo mkubwa kiasi hiki. Vyuo vya Oxford na Cambridge viliposhindana kwa mara ya kwanza mwaka 1829, wapiga makasia walikaa kwenye ubao uliotulia, wakavuta kwa mgongo na mikono. Mwaka 1873 timu zote mbili zikaingia mto Thames na viti vinavyoteleza mbele na nyuma juu ya reli. Tangu hapo miguu ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya nguvu, na mpigo ukawa mrefu. Lakini ili miguu isukume ni lazima kwanza ikunjwe sana: goti lipande karibu na kifua, nyonga ifunge, kifundo cha mguu kijikunje mpaka ugoko usimame wima. Mashine ya gym inaiga mwendo huohuo. Kampuni ya Concept2 ya Vermont, Marekani, ilitoa mashine yake ya kwanza mwaka 1981, na leo utazikuta mashine za namna hiyo hata katika kumbi za mazoezi ambazo wanachama wake hawajawahi kukanyaga mashua. Majini nako mchezo umeshafika kwetu: Kathleen Noble alikuwa mpiga makasia wa kwanza kuiwakilisha Uganda katika Olimpiki, kule Tokyo, kisha akarudi tena Paris mwaka 2024.

Niruhusu nikupitishe kwenye mpigo mmoja, taratibu. Umemaliza kuvuta. Miguu imenyooka, mpini uko chini ya kifua, umeegemea nyuma kidogo. Sasa unarudi mbele kuutafuta mpigo mwingine. Mikono inatangulia, inanyooka. Kisha kiwiliwili kinainama mbele, na wakati huo magoti bado yamenyooka. Hapo tusimame kidogo, maana hapa ndipo mambo yanapoharibika na wengi hawajui. Misuli ya nyuma ya paja imeshikwa juu kwenye mfupa wa makalio, ule unaoukalia, ikashuka mpaka chini ya goti. Goti likinyooka na kiwiliwili kikiinama, misuli hiyo inavutwa ncha zote mbili kwa pamoja. Ikiwa imekaza, inalishika fupanyonga lisizunguke kwenda mbele. Lakini mikono inataka kufika mbele, kocha anapiga kelele ufike mbele, na mwili hutii. Mkunjo ulioshindikana kwenye nyonga unahamia kiunoni. Bawaba ya mlango ikishika kutu na watu wakaendelea kusukuma, kinachopasuka ni ubao.

Tuendelee. Kiti kinateleza, magoti yanapanda. Sasa misuli ya nyuma ya paja imelegea kwa sababu goti limekunjwa, na mzigo wa kulainika unahamia kwenye makalio, kinena na kifundo cha mguu. Kisigino kuinuka kidogo hakuna ubaya. Lakini mwenye vifundo vigumu hukwama kabla kiti hakijafika mwisho wa safari yake. Afanyeje? Anakirusha kifua mbele, anapinda mgongo, au anayaachia magoti yafunguke pembeni. Na akiwa katika mkao huo mbaya, ndipo anaposukuma kwa miguu kwa nguvu zake zote.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, nenda gym jioni ukakae upande wa mashine ya makasia. Usitazame uso wa anayevuta, tazama fulana yake kwa nyuma. Anapokwenda mbele, kwa wengi utaiona fulana inavutika kiunoni na kupanda, mpaka ngozi inaonekana juu ya suruali. Hapo kinachokunjika ni kiuno. Kwa yule anayekunja nyonga, fulana inabaki ilipo na kiwiliwili kizima kinaenda pamoja. Wanaosali wanaujua mkao huu tangu utotoni: katika rukuu mgongo hulala sawasawa, na mkunjo uko kwenye nyonga. Mpiga makasia anautafuta mkunjo uleule, ila yeye ameketi.

Basi kabla hujaanza kunyoosha chochote, jipime. Vipimo viwili vinatosha, na havihitaji kifaa. Cha kwanza ni cha kifundo cha mguu. Vua viatu, simama mbele ya ukuta, weka mguu mmoja ncha ya dole gumba ikiwa sentimita 10 kutoka ukutani, yaani karibu na upana wa kiganja. Kunja goti ulipeleke mbele liguse ukuta, kisigino kikiwa chini kabisa. Likigusa bila kisigino kunyanyuka, kifundo chako si tatizo. Likishindwa, kifundo kimekaza. Pima mguu wa pili pia, maana mara nyingi haifanani, hasa kwa mtu aliyewahi kuteguka.

Kipimo cha pili ni cha nyuma ya paja, na hicho ndicho pia zoezi lenyewe. Lala chali juu ya mkeka. Chukua kanga au kikoi, kikunje kwa urefu, kipitishe chini ya unyayo wa mguu wa kulia, shika ncha zake kwa mikono miwili. Mguu wa kushoto ubaki umenyooka chini. Sasa inua wa kulia, goti likiwa limenyooka, mpaka uhisi msuli unavutika katikati ya nyuma ya paja. Mwenye misuli laini, mguu wake utakaribia kusimama wima. Ukiona umegoma nusu ya njia, umeshampata mdai wa mgongo wako. Shikilia hapo kwa sekunde 30, ukipumua polepole, makalio yasinyanyuke kwenye mkeka. Sekunde 30 zinatosha. Watafiti waliolinganisha sekunde 30 na 60 hawakuona faida iliyoongezeka. Rudia mara mbili au tatu kila mguu. Usidunde. Na kuna jambo moja la kuangalia sana: ukihisi ganzi au mchomo unaoshuka mpaka kwenye unyayo, ujue unavuta mshipa wa fahamu, na mshipa huo haupendi kuvutwa. Kunja goti kidogo mpaka hisia hiyo iondoke.

Zoezi la pili ni la mbele ya nyonga, na ni la lazima kwa mtu anayefanya kazi ofisini, dereva, mwanafunzi, yeyote anayekaa kitako siku nzima kisha anakwenda kukaa kitako tena kwenye mashine. Piga goti moja, mguu mwingine uwe mbele. Kaza tako la upande wa goti lililo chini, kisha sogeza nyonga mbele kidogo tu. Wengi hulifanya zoezi hili kwa kupinda kiuno nyuma, wakadhani wamenyooka. Wamehamishia kiunoni kazi ileile wanayotaka kuikimbia. Ukilikaza tako vizuri, utahisi mvuto juu ya paja bila hata kwenda mbali.

Kwa vifundo na makalio sina dawa inayoshinda kuchuchumaa. Ni mkao wa mababu zetu, wa jiko la mafiga, wa chooni, wa kupiga soga chini ya mwembe. Waliozoea kuchuchumaa mpaka chini, visigino vikigusa ardhi, wamefika robo tatu ya safari kabla hawajaiona mashua. Watoto wa mjini wanaokulia kwenye kiti, kutoka darasani mpaka sebuleni, wanaupoteza mkao huu polepole. Ukishindwa kuchuchumaa visigino vikiwa chini, shika nguzo au mpini wa mlango, shuka taratibu, kaa humo kwa nusu dakika, panda. Fanya hivyo kila siku. Ninaliamini zoezi hili kuliko mengine yote niliyoyataja, kwa sababu linakunja nyonga, goti na kifundo kwa wakati mmoja, jinsi vinavyokunjwa ndani ya mashua.

Sehemu ya juu ya mgongo nayo isisahauliwe, hasa kwa anayeshika kasia moja kwa mikono miwili. Huyo anajizungusha upande mmoja mwaka mzima. Alale ubavu, magoti yamekunjwa, mikono imenyooshwa mbele, kisha mkono wa juu aufungue kwenda upande wa pili huku macho yakiufuata, magoti yakibaki palepale. Mara 8 au 10 kila upande, bila haraka.

Sasa suala la wakati, ambalo ndilo linalokosewa zaidi. Kuushikilia msuli kwa muda mrefu kabla ya kazi ya nguvu hakusaidii. Imeonekana katika tafiti nyingi kwamba msuli ulionyooshwa kwa kushikiliwa zaidi ya dakika moja hupoteza sehemu ya nguvu zake kwa muda baada ya hapo. Kabla ya kuvuta, mwili unataka mwendo. Tembea haraka au kimbia polepole, rusha mguu mbele na nyuma ukiwa umeshika ukuta, chuchumaa na kuinuka, inama kama unarukuu na kusimama, piga hatua ndefu huku ukizungusha kifua. Dakika 10, mpaka jasho jembamba litoke. Kisha ukikaa, anza kwa mikono tu, ongeza mgongo, ongeza nusu ya mteremko wa kiti, halafu ndipo uende mpigo mzima. Kujinyoosha kwa kushikilia, ile kazi ya kanga na mkeka, kuwe baada ya mazoezi, au jioni nyumbani wakati mwili umepata joto.

Asubuhi inahitaji uangalifu zaidi. Wapiga makasia hupenda alfajiri kwa sababu maji yametulia. Lakini usiku kucha, ukiwa umelala, zile diski zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo hufyonza maji na kuvimba. Ndiyo maana mtu huamka akiwa mrefu kidogo kuliko alivyolala. Diski iliyojaa hubanwa zaidi ukikunja kiuno. Anayetoka kitandani na kuingia moja kwa moja kwenye mashua anaukunja mgongo katika saa yake mbaya kuliko zote. Amka mapema, chota maji, fagia uwanja, tembea mpaka kituoni badala ya kupanda bodaboda. Nusu saa ya kusimama na kutembea kabla ya mpigo wa kwanza si muda uliopotea.

Kwa mwenye mashine kuna marekebisho mepesi ambayo watu hawayagusi. Ule ubao wa kuwekea miguu unaweza kupandishwa au kushushwa. Miguu ikiwa juu mno, magoti yanazuia tumbo na nyonga haina pa kwenda. Shusha tundu moja au mawili, halafu sikiliza mgongo wako. Pili, usilazimishe kiti kifike kwenye visigino. Ugoko ukisimama wima umefika. Na kama vifundo vyako havijakuruhusu kufika hapo, simama ulipofikia wiki hizi na uende mbele zaidi vikilainika. Tatu, hiyo saa moja ya mfululizo ivunje. Inuka kila baada ya dakika 15 au 20, simama wima, weka mikono kiunoni, egemea nyuma kwa upole mara tano, kunywa maji, rudi. Na ukimaliza kabisa, usilale chali na kuvuta magoti kifuani kama wengi wanavyopenda. Mgongo umetoka kukunjwa mara 1,200, hauhitaji kukunjwa tena. Lala kifudifudi, jiinue kwa viwiko, kaa hivyo dakika moja.

Ndugu zangu wavuvi, sijawasahau. Kwa mwenye kafi kwenye mtumbwi, mambo ni tofauti: anatazama mbele, kiti hakitelezi, miguu imekunjwa saa nyingi, na kazi yote iko mabegani na katika kujizungusha upande mmoja. Badilisha upande kabla hujachoka, usingoje bega likuambie. Lakini hatari kubwa kwa mvuvi iko ufukweni. Ametoka kuvua dagaa usiku mzima, amekaa amejikunja, anafika alfajiri, anaruka chini na papo hapo anainama kuuvuta mtumbwi kupanda mchanga. Ukikaa umejikunja muda mrefu, zile kano zinazozishikilia pingili za mgongo hulegea, na zinahitaji muda kurudi. Mgongo uliolegea ukibebeshwa mtumbwi uliolowa na shehena yake, unateguka kirahisi. Shuka, tembea ufukweni dakika chache, egemea nyuma, vuta pumzi, ndipo ushike mtumbwi na wenzako. Samaki hawataharibika kwa dakika tano.

Nisieleweke vibaya. Kujinyoosha peke yake hakumlindi mtu. Hakuondoi hata yale maumivu ya misuli ya kesho yake kwa kiasi cha kuhisika. Na wapo watu walioumbwa laini, viungo vyao vinakwenda kila upande. Hao hawahitaji kunyooka zaidi, wanahitaji nguvu ya kuvishikilia viungo hivyo. Kwa sisi wengine pia nguvu na ulaini hutembea pamoja. Kuinama kutoka kwenye nyonga huku umeshika dumu la maji kwa mikono miwili, mgongo umenyooka, ukashuka polepole na kupanda, kunarefusha misuli ya nyuma ya paja na kuitia nguvu papo hapo. Anza na dumu nusu. Mabadiliko hayaji kwa wiki moja. Yape wiki sita, siku nyingi za wiki, kisha rudi ukutani na kwenye mkeka ujipime upya.

Kuna maumivu ambayo hayatibiwi kwa kanga. Maumivu ya mgongo yanayoshuka mguuni mpaka chini ya goti, ganzi, au mguu kukosa nguvu, mwone daktari. Ukishindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au ukipata ganzi sehemu za siri, nenda hospitali saa hiyohiyo, usingoje kukuche. Na maumivu ya ubavu yanayouma zaidi ukivuta pumzi au ukikohoa yanaweza kuwa ufa wa mfupa, jambo linalojulikana katika mchezo huu. Huo haunyooshwi, unapumzishwa.

Neno langu la mwisho ni kwa makocha na viongozi wa klabu. Mwaka 2021 wataalamu wa mchezo huu kutoka nchi mbalimbali walitoa msimamo wa pamoja kuhusu maumivu ya mgongo ya wapiga makasia, na moja ya mambo waliyosisitiza ni kwamba mchezaji awe huru kusema mapema kwamba anaumwa. Kwetu kijana akisema mgongo unauma huambiwa ni mvivu, au hupoteza nafasi yake kwenye mashua, kwa hiyo hunyamaza mpaka hawezi kuinama kufunga viatu. Kocha, ongeza dakika 10 mbele ya mazoezi na dakika 10 nyuma yake, zihesabu kuwa sehemu ya mazoezi, na uzisimamie mwenyewe kama unavyosimamia mwendo wa mashua. Waulize vijana wako kila wiki, mmoja mmoja na si mbele ya kundi, mgongo ukoje. Na atakayekujibu kwamba unauma, usimwondoe kwenye timu kwa kuwa amesema kweli.